Matembezi ya usiku ya viumbe wa ajabu Mji Mkongwe: popobawa kapewa mengi, chui kanyimwa

Huduma ninayoipitia hapa ni matembezi ya miguu ya takriban saa mbili na nusu katika vichochoro vya Mji Mkongwe, Unguja. Huanza Forodhani baada ya sala ya Isha na kuishia Mnazi Mmoja, na tangazo lake linaahidi hadithi za vibwengo wa pwani, Nunda mla watu, popobawa (pepo anayesemwa kuwavamia watu usiku) na chui wanaosemekana kufugwa na wachawi. Mkaazi hulipa shilingi 35,000. Mgeni wa nje hulipa dola 30. Kampuni sitaitaja, kwa sababu kasoro nitakazozieleza ni za aina nzima ya biashara hii kuliko za mtu mmoja, na sifa nitakazozitoa zinategemea zaidi ni mtembezaji gani umempata usiku huo. Huduma hii inastahili fedha yake pale mtembezaji anapokumbuka kwamba kila hadithi ina mji wake, mwaka wake na wenyewe. Anapoigeuza kuwa kioja cha kutishia wageni, thamani yote hupotea. Usiku niliohudhuria mimi ulikuwa na hayo yote mawili.

Mipango ya safari haina la kulaumiwa sana. Malipo hufanywa kwa simu au taslimu na risiti hutolewa. Kikundi hakikuwa kikubwa mno. Na mtembezaji, kijana aliyevaa kanzu na kofia ya viua, alituongoza bila kutukimbiza na aliwazuia kwa adabu papasi, yaani vijana wanaowaandama watalii, waliotaka kujiunga nasi njiani. Tatizo la kwanza ni lugha. Kikundi kilichanganya wageni kutoka Ulaya na familia mbili za Waswahili, mojawapo ikiwa na bibi wa Kipemba aliyefuatana na wajukuu zake, kwa hiyo kila kisa kilisimuliwa kwa Kiingereza kwanza, kisha kikafupishwa kwa Kiswahili. Maana yake ni kwamba wenye hadithi zao walipata makombo. Bibi alipouliza kwa nini wageni wamecheka kwa muda mrefu na sisi tukaelezwa kwa sentensi mbili, alijibiwa, "Bibi yangu, utaniwia radhi, muda hautoshi." Muda ulitosha, ulikuwa umegawiwa vibaya.

Kituo cha kwanza ni Shangani, mbele ya Mambo Msiige, jumba la katikati ya karne ya 19 ambalo leo ni sehemu ya hoteli kubwa. Hapa husimuliwa ile habari ijulikanayo na kila mtoto wa mjini, kwamba chokaa ya kuta zake ilichanganywa na mayai kwa maelfu na kwamba watumwa walizikwa hai ndani ya kuta hizo. Mtembezaji aliisema kama inavyopasa kusemwa, yaani kwa "inasemekana", na hakudai kwamba amewahi kusikia sauti. Kuhusu vibwengo, hao viumbe wa pwani ambao mvuvi hawataji ovyo akiwa baharini, alisema machache yasiyo na ladha, nami sina la kuongeza isipokuwa kwamba watu walioketi Forodhani wakila urojo hatua chache kutoka pale wangeweza kumpa visa bora kuliko vyake.

Sehemu iliyonifanya nisijute ni ya pili, kwenye baraza moja karibu na Soko Muhogo, ambako wasikilizaji huketishwa, huletewa kahawa chungu na kashata, na husimuliwa Nunda. Kijana huyu ni msimulizi wa kweli. Alianza na paka wa Sultani Majnuni, paka mdogo tu, ambaye siku moja alikula ndama. Watu walipokwenda kushitaki, sultani akajibu kwamba paka ni wake na ndama ni wake. Paka akaendelea na mifugo mingine, na kila shitaka likapata jibu lilelile, hadi alipotoka mjini, akajificha njiani na kuanza kula watu, hata wana wa sultani mwenyewe wakawa miongoni mwao. Mtembezaji aliipitia orodha hiyo bila haraka, akiinua sauti kidogo kwa kila mnyama, na alipofika kwenye jibu la sultani akatuachia sisi tulitamke. Kufikia mara ya tatu hata Wadachi wawili waliokuwa nyuma walikuwa wakijibu kwa Kiswahili.

Kisha akaingia mtoto wa mwisho wa sultani, yule aliyedharauliwa nyumbani, ambaye anatoka kwenda kumsaka Nunda na kila mara anarudi na mnyama mwingine akidhani ndiye. Anaanza na mbwa, anapanda hadi pundamilia, twiga na ndovu, na kila anapomwimbia mama yake kwamba amemuua mla watu, mama anamjibu kwamba huyu siye. Ubora wa hadithi hii uko hapo: mnyama wa kutisha hachorwi waziwazi. Msikilizaji humjenga kwa kuambiwa alivyokuwa siye, na kila mnyama anayekataliwa humwongezea Nunda kimo. Mtembezaji alilifahamu hilo, akakataa kabisa kumweleza mgeni mmoja aliyetaka kujua Nunda alikuwa na meno ya urefu gani. Nilipenda pia kwamba hakuifafanua tabia ya sultani, kwa maana wasikilizaji wazima walikuwa wameshaielewa na walikuwa wakicheka kwa sababu zao.

Palepale barazani alitaja kwamba wako wanaomhusisha Nunda na mngwa wa Bara, jambo linalostahili kuelezwa kwa uangalifu zaidi ya alivyolieleza. Mngwa ni mnyama anayetajwa katika pwani ya kusini ya Tanzania: paka mkubwa kuliko simba, wengine husema kama punda, mwenye manyoya ya kijivu yenye milia ya paka wa nyumbani. Afisa wa kikoloni William Hichens, aliyefanya kazi Lindi katika miaka ya 1920, aliandika baadaye kuhusu mauaji ya watu yaliyofanywa usiku katika eneo hilo ambayo wenyeji waliyahesabu kuwa ya mngwa, na maandishi yake ndiyo yaliyowapa wapenzi wa wanyama wa siri huko Ulaya jina hilo. Hakuna mzoga wala fuvu lililowahi kuthibitishwa na wanasayansi. Kumchanganya mnyama huyo, ambaye watu walidai ameua jirani zao katika mwezi fulani, na Nunda, ambaye kila msimulizi wa Unguja alijua ni wa ngano, ni kuvunja mpaka ambao wasimulizi wenyewe waliuheshimu. Mtembezaji aliuvunja kwa dakika moja kisha akasonga mbele, kwa hiyo hasara haikuwa kubwa.

Kutoka Soko Muhogo njia hupita Mkunazini, mbele ya kanisa kuu la Kianglikana lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa. Tulipita bila kusimama. Sikuelewa kwa nini, kwa maana aliyesimamia ujenzi wa kanisa hilo ni Askofu Edward Steere, ambaye mwaka 1870 alichapisha London mkusanyo wa hadithi alizosimuliwa na watu wa Unguja, na ndani yake imo hadithi ya Sultani Majnuni na paka wake. Steere alifariki mwaka 1882 na amezikwa humo humo kanisani, nyuma ya madhabahu. Msimulizi aliyetoka kumaliza Nunda sasa hivi, akapita penye kaburi la mtu aliyeiandika hadithi hiyo kwa mara ya kwanza katika kitabu, asiseme neno, amepoteza kiungo ambacho mji wenyewe umempa bure.

Nafika kwenye popobawa, ambaye ndiye anayeuza tiketi. Picha yake ndiyo iliyo kwenye tangazo, na katika ua mmoja wa Kiponda, taa zikiwa zimepunguzwa kwa makusudi, mtembezaji aligawa karatasi iliyofunikwa kwa plastiki yenye mchoro wa jitu lenye jicho moja, mbawa na makucha. Mchoro huo umetoka kwenye intaneti. Watu waliosimulia habari za popobawa kule kwao hawakukubaliana juu ya umbo lake. Wengi walisema hawakumwona kabisa, bali walihisi uzito, harufu au ubaridi wa mtu aliyeingia chumbani, na wengine walisema hujigeuza, mchana akawa mtu wa kawaida. Jitu la jicho moja limeenezwa zaidi na tovuti za nje kuliko na wazee wa Pemba. Kumletea mgeni picha aliyokwisha kuiona nyumbani kwake, na kumtoza dola 30 kwa ajili yake, si huduma.

Kosa la picha ni dogo kuliko kosa la historia. Taharuki kubwa inayokumbukwa na watu walio hai ni ya mwaka 1995, ambayo ilianza Pemba, ikavuka hadi Unguja na kufika Dar es Salaam. Mwaka ule ndio ulikuwa wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi, uchaguzi uliofanyika mwezi Oktoba katika hali ya hofu na chuki ambayo kila Mzanzibari wa umri wangu anaikumbuka, na wako wengi Pemba waliosema waziwazi kwamba kiumbe huyu ametumwa kwa sababu za siasa. Wazee walikuwa na kumbukumbu ya taharuki nyingine iliyotangulia, katika miaka iliyofuata Mapinduzi ya 1964. Habari zikarudi tena Pemba baada ya machafuko ya Januari 2001, na mwaka 2007 zikasikika Dar es Salaam. Mtafiti Martin Walsh, aliyekuwa akifanya kazi Pemba wakati ule, ameandika kwa kina jinsi hofu hizi zilivyofuatana na siasa, ingawa yeye mwenyewe anatahadharisha kwamba maelezo ya kisiasa peke yake hayatoshi. Katika ua wa Kiponda hatukusikia hata mwaka mmoja katika hiyo. Tuliambiwa tu kwamba "zamani" kulikuwa na pepo mwenye mbawa aliyewaingilia watu usiku wa manane na kuwalazimisha wawasimulie wenzao, na sehemu hiyo ikasemwa kwa mzaha wa aibu uliowachekesha wageni.

Bibi wa Kipemba ndiye aliyeusimamisha mzaha huo. Alisema kwa sauti ya kawaida, "Mjukuu wangu, mwaka ule sisi tulilala uani, wanaume, wanawake na watoto, na moto unawaka mpaka alfajiri. Wewe hukuwapo." Kijana, na hapa nampa heshima yake, alikunja karatasi yake, akasema, "Samahani sana, bibi. Basi tusimulie wewe, mimi nitafasiri." Akasimulia. Alieleza jinsi majirani walivyokuwa wakihesabiana kabla ya kulala ili asikosekane mtu, jinsi walivyosomewa Kurani kwa zamu, jinsi wanaume waliopatwa walivyoona haya kusema na bado wakasema, kwa kuwa iliaminika kwamba anayenyamaza hurudiwa. Hakuna aliyecheka. Zile zilikuwa dakika bora za usiku wote, na kampuni haikuzilipia wala kuzipanga.

Bibi hakutaja, wala mtembezaji hakutaja, kwamba hofu ile iliua. Mwaka 1995 mtu mmoja mwenye maradhi ya akili aliuawa na umati mjini Unguja kwa kudhaniwa kuwa ndiye popobawa. Msimulizi anayepanga kumtumia kiumbe huyu kama kivutio cha biashara analazimika kulisema hili, hata kwa sentensi moja, kwa sababu bila hilo msikilizaji huondoka akidhani mambo yote yalikuwa kelele za usiku zilizokwisha asubuhi.

Mgeni mmoja aliuliza kama hakuna maelezo ya kitabibu, na mtembezaji akamjibu kwamba "sayansi haijui". Sayansi inajua kiasi. Jinamizi, ile hali ya mtu kuzinduka akiwa hawezi kusogeza kiungo, ana uzito kifuani na ana hakika kwamba kuna mtu chumbani, imeelezwa na madaktari na hutokea duniani kote: mwili unabaki katika ulegevu wa ndoto wakati akili imekwisha amka. Maelezo haya yanamtosha mtu mmoja kitandani kwake. Hayaelezi kwa nini katika miaka fulani, na si mingine, kisiwa kizima kiliamka usiku mmoja baada ya mwingine, na hapo ndipo msimulizi mzuri angeunganisha daktari, uchaguzi na ua wenye moto. Kijana yule ana kipawa cha kufanya hivyo. Anahitaji tajiri anayempa muda wa kusoma badala ya mchoro wa plastiki.

Baada ya Kiponda muda ulikuwa umekwisha kweli, na hivyo chui, ambaye kwangu ndiye sababu ya kununua tiketi, alisimuliwa kwa haraka tukiwa wima Mnazi Mmoja, nje ya jengo la makumbusho lililofungwa tangu jioni. Huu ndio upungufu mkubwa zaidi wa huduma hii. Katika viumbe wote waliotajwa usiku ule, chui wa Unguja ndiye peke yake mwenye ngozi na mifupa inayoweza kushikwa. Makumbusho ya Zanzibar yana chui aliyekaushwa, na ngozi nyingine ziko London. Mtaalamu wa wanyama wa Kiingereza, R. I. Pocock, alimweleza kisayansi mwaka 1932 kama namna ya pekee ya chui, mdogo kuliko wa Bara na mwenye madoa madogo, akampa jina la Aders, mtaalamu wa viumbe aliyefanya kazi katika serikali ya Zanzibar. Jina la mtu huyohuyo limo pia katika jina la kisayansi la paa nunga. Wataalamu wa leo hawakubaliani tena kwamba ni namna ya pekee, lakini kwamba aliishi, hilo halina ubishi.

Kinachomfanya awe kiumbe wa hadithi ni imani iliyomzunguka. Mashambani Unguja iliaminika, na wako wanaoamini hadi leo, kwamba chui wengi hawakuwa wa mwitu bali wa kufugwa: mchawi humlea, humlisha, humtuma kwa jirani aliyekosana naye, akaua mbuzi au akamdhuru mtoto, kisha humwita akarudi. Imani hiyo haikubaki barazani. Baada ya Mapinduzi iliendeshwa kampeni ya kuwafichua wachawi na kuwaua chui wao, ikiongozwa na mganga aliyejulikana kwa jina la Kitanzi, na chui wakaendelea kuwindwa miaka mingi baadaye, huku misitu ikikatwa na paa, chakula chao, wakipungua. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 wataalamu wengi walimhesabu kuwa ametoweka. Fikiria uzito wa jambo hilo kwa matembezi ya namna hii: popobawa hakuna aliyemshika, na chui, ambaye alishikika, huenda amemalizwa kwa kiasi fulani na hadithi yenyewe.

Kisa hakiishii hapo. Helle Goldman na Martin Walsh, waliofanya utafiti mrefu juu ya chui hawa, wameeleza jinsi watu walivyoendelea kudai kwamba wanawajua wafugaji wa chui na kwamba wangeweza kuwaonesha kwa malipo, na jinsi waliofuata ahadi hizo walivyoishia kuzungushwa vijijini bila kuoneshwa chochote. Mwaka 2018 kamera iliyotegwa msituni na kipindi kimoja cha televisheni cha Marekani ilinasa mnyama ambaye watayarishaji walisema ni chui wa Unguja aliye hai, picha ambayo ilizua shangwe na mashaka kwa pamoja, na haikumaliza ubishi. Mtembezaji aliitaja picha hiyo tu, akasema "kwa hiyo yupo", akatuaga. Bibi wa Kipemba alisikika akimwambia mjukuu wake, tulipokuwa tukitawanyika, kwamba Pemba chui hakuna na hakujapata kuwa na chui, jambo ambalo ni kweli na ambalo mtembezaji wa Unguja angeweza kulitumia vizuri, kwa maana linaonesha jinsi kila kisiwa kilivyopata mtisho wake.

Ningeupanga usiku huu kwa namna nyingine. Matembezi yangeanza alasiri mbele ya chui aliyekaushwa, makumbusho yakiwa wazi, ili msikilizaji aone kwanza madoa na meno halisi; Nunda angebaki barazani palepale alipo, na kahawa yake; popobawa angesimuliwa mwisho, bila picha, na mtu aliyekuwapo mwaka 1995 angelipwa kama msimulizi badala ya kutegemewa ajitokeze miongoni mwa wateja.

Kwa hali ilivyo sasa, nampendekezea huduma hii mkaazi au Mtanzania wa Bara anayetaka kumsikia Nunda akisimuliwa na mtu anayejua kusimulia, kwa sharti kwamba aombe mapema kikundi cha Kiswahili peke yake. Nilipouliza baada ya safari niliambiwa kwamba kinawezekana wakifika watu sita, kwa bei ileile ya shilingi 35,000. Kwa dola 30, mgeni asiyejua Kiswahili anapewa zaidi ya kile alichokwisha kukisoma kwenye simu yake, lakini si kwa kiwango cha fedha hiyo. Watoto wadogo wasipelekwe, kwa sababu ya sehemu ya Kiponda. Vichochoro vya Kiponda hutuamisha maji wakati wa masika, kwa hiyo viatu vya kufunga ni bora kuliko kandambili, na anayetaka kumwona chui aende makumbusho mchana wa siku hiyohiyo kwa tiketi yake mwenyewe, baada ya kuulizia kama pako wazi.